Hema la Watoto Waliopotea

Katika mji wa kina Honami, watu wamezoea kukatiza maneno. Ndege za kivita zikiruka, mwalimu hunyamaza katikati ya hesabu, muuza samaki huacha kutaja bei, na Bibi Tomie husimama na upawa mkononi, mdomo wazi, mpaka ngurumo ipite. Kisha kila mtu huendelea palepale alipoachia. Wageni hucheka, lakini wenyeji hawaoni cha kuchekesha.

Jumapili ile Honami aliamka kabla ya kuitwa. Siku nyingine Bibi humvuta blanketi ndipo ainuke, lakini leo alikuwa ameshakunja godoro lake na kulitia kabatini. Bibi alimkuta jikoni akifinyanga matonge ya wali kwa ajili ya safari.

"Makubwa! Leo mvua ya mawe itanyesha," Bibi alisema.

"Usitaje mvua, Bibi! Ndege hazitaruka."

"Zisiporuka nitaruka mimi. Haya, tia chumvi, huo wali si wa mgonjwa."

Leo ilikuwa siku ya maonyesho, siku moja katika mwaka ambapo kambi ya jeshi la anga hufungua lango na raia kuingia. Kikosi maarufu cha ndege sita kilikuwa kimekuja kutoka kaskazini. Pamoja nacho alikuja Sajini Kurogi Natsue, fundi wa ndege, mama yake Honami.

Baba alifariki Honami akiwa mchanga, na Mama alipopewa uhamisho kwenda kaskazini, msichana alibaki na Bibi. Mwaka na ushei sasa, Mama alikuwa amekuja nyumbani mara moja tu, wakati wa Mwaka Mpya. Honami alimtamani hata katika mambo madogo. Alitamani harufu ya sabuni yake, na jinsi anavyoimba vibaya akiosha vyombo. Bibi alimpenda sana mjukuu wake, lakini Bibi si Mama.

Simu ya Ijumaa ndiyo iliyomuuma zaidi. "Mwanangu, utaniona, lakini sitaweza kuja kwako," Mama alimwambia. "Wala kukupungia mkono sitaweza. Nimekabidhiwa ndege nambari tano, mara yangu ya kwanza mbele ya watu wa kwetu. Maonyesho yakiisha tunafungasha, na jioni tunaondoka."

Walipofika uwanjani, watu walikuwa wameshatandika mikeka yao ya plastiki mpaka karibu na kamba. Wapiga picha walishika kamera zenye midomo mirefu, na moshi wa kuku wa kukaanga ulipita juu ya vichwa. Bibi, ambaye haya haimjui, alijipenyeza mpaka mstari wa mbele huku akiomba radhi kushoto na kulia. Wakavua viatu, wakaketi.

"Nakwenda msalani," Bibi alisema baadaye. "Ule mstari wa akina mama umefika mji wa pili. Linda mkeka, usiende popote."

"Sawa, Bibi."

Bibi alikuwa hajapotea machoni wakati mafundi walipotokea, wakitembea kwa hatua moja kando ya kamba. Honami alimtambua Mama kwa kidevu chake. Alikuja, akakaribia, akawa karibu kiasi cha kuonekana tone la jasho shavuni. Honami aliruka juu.

"Mama! Mama, niko hapa!"

Ndege ya kivita ikapita juu wakati huohuo na kumeza sauti yake. Mama alipita macho mbele, akaenda kusimama kando ya ndege nambari tano, mbali kule kwenye lami. Honami aliketi tena juu ya mkeka. Mwaka mzima amengoja, na Mama amempita!

Ndipo vipaza sauti vilipolia: mtoto wa miaka minne mwenye kofia ya manjano amepatikana, mama yake aje hemani. Punde mwanamke mmoja alitoka mbio kati ya watu, akaliacha begi lake wazi. Honami alimtazama mpaka akatoweka. Kisha akavaa viatu.

Ndani ya hema askari kijana alikuwa akimchezea kikaragosi yule wa kofia ya manjano, naye akizidi kulia. Askari alimwangalia Honami toka juu mpaka chini.

"Umemleta mtoto aliyepotea?"

"Ni mimi niliyepotea."

"Mkubwa hivi? Mimi katika umri wako nilikuwa naenda kwa shangazi mji mwingine peke yangu!" Alipoona midomo yake ikitetemeka, aliacha utani. "Haya, dada mdogo, pole. Umekuja na nani?"

Honami alitaja jina lake, kisha akasema: "Na Mama. Mama peke yake. Anaitwa Kurogi Natsue."

Tangazo likatoka, likaenea uwanja mzima: Honami amepotea, yuko peke yake, mama yake Kurogi Natsue aje hemani. Aliposikia jina la Mama likirudi kutoka kwenye mabanda makubwa ya ndege yaliyo mbali, Honami alitaka kulikamata na kulirudisha kinywani. Lakini neno likishatoka halirudi.

Mama aliingia akikimbia. Kofia hana, uso umempauka. Alimshika Honami mabega yote mawili.

"Bibi yuko wapi? Ameanguka? Wamempeleka hospitali gani?"

Hili Honami hakuliwazia. Mama alijua Honami amekuja na Bibi, basi kwa nini mtoto atangazwe yu peke yake, kama Bibi hajapatwa na jambo?

"Nijibu, Honami! Mama yangu yuko wapi?"

"Yuko msalani," Honami alisema, na sauti ikamkatika. "Ni mzima. Sikupotea, Mama. Nilidanganya ili uje."

Askari aliweka kikaragosi chini polepole. Mama aliketi kwenye kiti kidogo cha watoto, akafunika uso, na mabega yakamtikisika. Honami hakuwahi kumwona Mama akilia. Nje, injini za ndege sita zilianza kunguruma.

"Rudi, Mama! Bado hazijaondoka. Kimbia!"

Mama alitikisa kichwa. "Fundi akishatoka kwenye ndege yake na moyo unamwenda mbio, haigusi tena siku hiyo. Mkuu wangu aliniambia mwenyewe, 'Nenda, mwenzako atashika nafasi.' Ni kanuni, tena nzuri. Mle ndani ya ndege mna mtu."

Wakatazama kutoka mlangoni mwa hema. Ndege nambari tano ilitembea taratibu mbele ya watu, na fundi mwingine, kijana mrefu, akaipungia mikono miwili. Maelfu walipiga makofi. Mkono wa Mama uliinuka kidogo, ukashuka. Honami alikuwa amepata alichokitaka, Mama yuko ubavuni pake, na hakuwahi kuwa na huzuni kama ile.

Bibi alifika akihema. "Wee mtoto! Nimetangaziwa mjukuu kapotea nikiwa chooni, hata mkanda sijafunga!" Lakini alipoona nyuso zao, akaenda kusimama kando ya Mama.

Honami alimwinamia askari, akaomba radhi. Kisha akamwinamia Mama, paji likakaribia kugusa magoti. "Nisamehe. Hii ilikuwa siku yako."

Mama alimwinua. "Kwa nini, Honami? Kila nikipiga simu nakuuliza, unanijibu, 'Niko sawa, Mama, usijali.' Siku zote uko sawa."

"Sikuwa sawa," Honami alisema, machozi yakimtiririka. "Nakukumbuka kila siku. Nalala na sweta lako."

"Nilimfundisha mimi," Bibi alisema kwa sauti ndogo. "Nilimwambia asikuhangaishe kazini."

Mama alimkumbatia, akamshikilia muda mrefu. "Siku za likizo ninazo, mwanangu," alisema. "Nyingi. Sikuzichukua kwa sababu nilijua hamna neno, nikawaachia wenzangu wenye watoto wanaolia. Ungeniambia kweli, ningeshakuja. Sikiliza basi. Kuwa na hamu na mtu si kosa, na kusema hivyo si udhaifu. Uongo umeniita mbio leo, lakini umemtia Bibi hospitalini moyoni mwangu, na umenitoa kwenye ndege yangu. Ukinihitaji, tumia kweli. Kweli nayo inasikika mbali."

Kisha Mama na Honami wakaenda kwa mkuu wa mafundi. Honami aliinama, akaeleza kila kitu bila kujitetea. Mkuu alimsikiliza mpaka mwisho. "Jumapili ijayo mama yako atasimama tena," alisema, "katika mji mwingine." Honami aliitika. Alijua hatakuwapo.

Jumatano usiku simu ililia. Honami aliipokea, na kwa mazoea neno "niko sawa" likamfika kwenye ncha ya ulimi. Akalimeza.

"Mama," alisema, "leo nimelia shuleni."

"Ehe," Mama alijibu, na ikasikika akivuta kiti aketi. "Nieleze."