Kipa Hayupo Uwanjani

— Felista, hebu hesabu tena.

— Nimeshahesabu, kaka Bonaventura. Mara tatu.

— Basi mmoja wenu kakosea. Daftari la Mughwai linasema Jumapili tatu zote alikuwa mpirani. Karatasi yako inasema hakuwepo hata moja.

— Golini alikaa Paulo, tena juzi kafungwa manne. Mughwai hakuwepo.

Felista alilisema hilo kwa sauti ya kawaida, kama vile halimhusu. Huyo Mughwai ndiye aliyekuwa mchumba wake, na Jumamosi ya wiki iliyofuata washenga walikuwa wanakuja kwao.

Bonaventura alikuwa mwanafunzi wa Chuo Kikuu, Dar es Salaam. Alikuja kutafiti jambo lililowachekesha wanakijiji wote: watu wa vijiji vya ujamaa wakishatoka shambani wanapumzika vipi? Mpira, ngoma, bao, matembezi? Aligawa madaftari kwa watu ishirini wanaojua kuandika, kila mmoja ajaze saa zake za mapumziko. Felista, aliyeishia darasa la saba, alipewa kazi ya kuyakusanya na kuyatunza kwao, na kila Jumapili kukaa pembeni ya uwanja aandike nani kaja na nani hakuja.

— Sitaki kumfunga mtu, Bonaventura akasema. Nataka kujua tu kwa nini mtu afiche mapumziko yake.

— Hata mimi nataka kujua, Felista akajibu.

Alimkuta Mughwai nyuma ya nyumba yao anaziba pancha ya baiskeli.

— Jumapili ulikuwa wapi?

— Mpirani. Si umesoma daftari?

— Mimi ndiye niliyekuwa mpirani, Mughwai. Nina karatasi.



— Basi andika ulivyoona.

— Nimeshaandika. Nakuuliza ulikuwa wapi.

— Felista, hilo niachie.

— Shoga yangu Rahabu kakuona unashika njia ya msitu wa Mgori. Nyuma ya baiskeli umefunga chumvi, sabuni na kitenge kipya. Cha nani?

— Huyo Rahabu naye, kazi yake kuchungulia watu!

— Sijakuuliza kazi ya Rahabu.

Mughwai akainama, akaendelea kusugua mpira kwa msasa. Felista akasubiri. Alikuwa mtu wa kusubiri, hata nyumbani walimtania kwamba anaweza kuivisha maharage kwa kuyatazama tu. Lakini safari hii akaondoka. Jioni Rahabu alimpelekea Mughwai kijibarua:

"Mughwai, mjomba wako asijisumbue Jumamosi. Mwenye kitenge ana mlango wake, akabishe huko. Felista."

Jibu likarudi kesho yake:

"Jumapili twende wote ukaone mwenyewe. Ukishaona, uniache au usiniache. Ila nakuomba, mzee asijue."

Mzee ni baba yake Felista, Mzee Antipasi, mwenyekiti wa kijiji.

Jumapili Felista akamkabidhi Rahabu karatasi ya uwanjani.

— Kila mtu mstari mmoja. Usiandike umbea.

— Na wewe nikuandikeje?

— Andika sikuja.

Walikwenda kwa baiskeli saa nzima. Wakaingia kwenye mahame, pale watu walipokuwa wakiishi kabla ya kuhamishiwa kijijini mwaka uliopita. Nyumba zilikuwa zimebomoka, mlenda umeota mpaka milangoni. Katikati ya magofu hayo, nyumba moja ilikuwa inafuka moshi.

Mama mmoja akatoka, kitenge kipya kiunoni, vidole vimejaa asali. Felista akashika mdomo. Ni mama yake Mughwai, yule ambaye kijiji kizima kiliambiwa yuko Shelui kwa binti yake!

— Shikamoo, mama.

— Marahaba. Huyu si binti wa mwenyekiti? Mughwai, umeniletea mgambo?

— Nimekuletea mkweo, mama.

— Haya. Mkwe, kaa. Usinitazame kama mzimu. Kule nyumba zimebanana, mwanangu. Nikikohoa, jirani ananiuliza nimekula nini. Na nyuki wangu hakuna aliyewapakia kwenye lori. Nilivumilia miezi miwili, nikarudi kwao.

Mama alipoingia ndani kuleta asali, Felista akamgeukia Mughwai.

— Kwa nini hukuniambia?

— Madaftari yanalala kwenu, Felista. Baba yako akijua, kazi yake inamlazimu atume mgambo. Mama hatakubali kushikwa mkono, unamwona alivyo. Halafu na wewe nikukose.

— Ukaona afadhali nifikiri una mwanamke?

— Sikujua kama unahesabu sawasawa namna hiyo.

Kicheko kilimjia Felista, akakimeza.

— Nisikilize. Siolewi na mtu aliyemficha mama yake kama gongo. Jumamosi utamwambia baba. Wewe mwenyewe, siyo mjomba.

— Mchumba anakwenda kwenye posa yake? Watanicheka mpaka Singida Mjini!

— Wakucheke. La sivyo, hakuna posa.

Jumamosi ikafika. Mzee Laurenti, mjomba wake Mughwai, alikuwa ndiyo kwanza anakohoa ili aanze maneno, mara Mughwai huyo mlangoni, shati limelowa jasho.

— Wewe! mjomba akang'aka. Nani kakuita?

— Shikamooni, wazee. Mzee Antipasi, kabla ya ng'ombe kutajwa, nina kosa. Mama yangu hayuko Shelui. Yuko mahame, kwa nyuki wake. Nilikudanganya wewe, nikamdanganya na Felista.

Jikoni, Felista aliacha mwiko ndani ya chungu.

— Unamwambia mwenyekiti, au unamwambia mkweo? Mzee Antipasi akauliza.

— Wote wawili, mzee. Sina namna ya kuwatenganisha.

— Mwenyekiti anatakiwa atume mgambo.

Felista akaingia, akapiga magoti.

— Samahani, baba. Ile mizinga ya mradi wa kijiji imekaa stoo tangu masika. Kila siku unalalamika hakuna anayejua kuitundika.

Mzee Antipasi akamgeukia binti yake.

— Kwa hiyo na wewe umefika huko.

— Nimefika, baba.

— Hm. Basi kesho nitakwenda mwenyewe, kwa miguu yangu, kumwomba awe bibi nyuki wa kijiji. Akae huko huko na mizinga, ajulikane yuko kazini. Mgambo wapumzike. Lakini huyu kijana kakudanganya, Felista. Bado unamtaka?

— Nilimkasirikia, baba. Nimemaliza.

— Umemaliza nini?

— Hasira. Yeye bado namtaka.

Mzee Laurenti akaangua kicheko, na huko jikoni mama yake Felista hakungoja kuulizwa, akapiga kigelegele.