Maji Matamu Ufuoni Magadi

Mume wangu Wakhungu ni mtu wa mabwawa. Jumamosi utampata Kisaju, kwenye machimbo ya mawe yaliyojaa maji ya mvua, akivua kambare. Hurudi ananuka tope hadi kitanda kinanuka naye. Nilishazoea. Kisha akaanza kutazama video za wavuvi wa ufuoni, akaniambia kambare wamemchosha, sasa anataka maji chumvi. Akanunua ufito mrefu wenye gurudumu la kukunjia mshipi, linang'aa kuliko sufuria zangu zote. Pwani ni mbali, basi akaamua kujaribu Ziwa Magadi.

"Kwa hivyo tunaenda kuvua magadi?" nilimtania.

"Huko kuna visamaki. Nataka tu mkono uzoee chumvi," akasema.

Tulifika jua likielekea kuzama. Ufuo ni mweupe, unavunjika chini ya viatu, na harufu yake inakwaruza koo. Kijana wa huko aitwaye Koinet alituonyesha pa kuegesha gari. Nikampa namba yangu ya simu, tusije tukakwama. Akaitazama mitungi yetu miwili ya maji matamu.

"Hiyo maji mkunywe," alisema. "Lakini msimwage chini."

Akawasha pikipiki, akaenda zake.

Wakhungu hakupata hata kisamaki kimoja. Giza lilipoanza kushuka alikunja mshipi, akafungua mtungi.

"Baba Lorna, si tumeambiwa tusimwage?"

"Chumvi ikikaa humu inakula chuma, Mama Lorna. Maji chumvi, ukimaliza kuvua lazima usuuze hapo hapo. Sio kama bwawani."

Akayamimina juu ya gurudumu.

Ardhi ikanywa. Nilisikia mdomo mkavu ukifyonza... chini ya miguu yetu.

Nilimshika mkono Wakhungu, lakini yeye alikuwa anatazama mbele. Mtu alikuwa amesimama pale kwenye chumvi. Midomo yake ilikuwa myeupe, imepasuka. Hatukuwa tumemsikia akija.

"Naomba maji," alinong'ona.

Kwetu mtu akiomba maji hanyimwi, hata kama mna ugomvi. Wakhungu alimpa mtungi mzima, akaniambia nilete ule mwingine. Nikaenda kwenye gari. Nyuma yangu nilisikia yule mtu akigugumia... akigugumia... bila kupumua.

Kisha kimya.

Nilipogeuka, Wakhungu alikuwa peke yake, ameshika mtungi mtupu.

"Yule mtu ako wapi?"

"Ameenda. Twende nyumbani."

Aliuacha ufito wake mpya pale pale. Njia nzima hakutaja samaki, naye siku zote hanyamazi. Tulipofika nyumbani Kitengela aliinama kwenye mfereji wa tangi, akanywa na kunywa. Nilijiambia ni joto la Magadi. Ndipo simu ikalia. Alikuwa Koinet.

"Mama, uko na mzee wako?"

"Niko na yeye. Anakunywa maji."



"Sasa huyu anaomba maji hapa ni nani? Anasema ni Wakhungu."



"Mpe maji, Koinet. Tafadhali."

"Siwezi, mama. Kuna watu walikufa na kiu hapa. Mwenye kuwapa maji, ndiye hubaki. Hivyo ndio tumesikia. Na wako wengi."

Kulipopambazuka nilirudi Magadi peke yangu, na mtungi umejaa. Nilikuwa nimekata shauri nibaki mimi. Nilimkuta ameketi kando ya ufito wake, midomo imepasuka. Aliutazama mtungi, koo lake likapanda na kushuka. Nilijua ndiye mume wangu kwa sababu hakuomba.

Nikafungua kifuniko.

"Nasike, funga," alinong'ona. "Rudi nyumbani. Lorna asiachwe na yule."

Nililia. Nilimsihi anywe hata tone moja. Akanipa mgongo, akatembea kwenye ule weupe mpaka nikashindwa kumwona.

Basi nikarudi. Yule wa nyumbani anaenda kazini, kanisani anaimba, na majirani wananiambia baba Lorna amenawiri. Ninamchukia, na ninamwogopa. Nikilala karibu naye nasikia koo lake likimeza, likimeza...

Leo binti yetu Lorna amefunga shule ya bweni. Nilichelewa sokoni, na nilipoingia nilimkuta sebuleni na yule mtu, wamefunga mizigo. Mitungi yote ya nyumba ilikuwa imejazwa maji na kupangwa mlangoni.

"Mum, baba ananipeleka kuvua Magadi kesho," Lorna aliniambia, uso wote kicheko. "Amesema mimi ndio nitabeba maji. Eti wenzake wananingoja."