Bakuli Namba Kumi na Saba

"Shangazi, usimwangalie hivyo."

"Namwangaliaje?"

"Kama nyama iliyolala."

"Mimi namwangalia tu, Qiuyan. Macho Mungu alinipa ya nini?"

Tulikuwa nyuma ya kaunta ya duka letu la supu, kichochoro cha nyuma ya Mnara wa Ngoma hapa Xi'an, mimi na Hai Qiuyan, binti wa marehemu kaka yangu, niliyemlea tangu ana miaka sita. Kwenye meza ya dirishani alikaa mwanaume aliyekuja kumwoa. Tang Zhiheng wa Hangzhou. Shati jeupe, kofia ya sala imelala upande kidogo, kama ya mtu aliyeivaa mbele ya kioo na kuikubali. Mbele yake palikuwa na bakuli tupu, mikate miwili mikavu ya duara na kibati cha namba kumi na saba.

Dukani kwetu kila mteja anamega mkate wake mwenyewe, vipande vidogo kama maharage ya soya. Bakuli linakwenda jikoni na pini ya namba, linapikwa kwa supu ya kondoo, linarudi kwa mwenye kibati. Lakini katika ukoo wetu sisi wa Hai kuna la ziada. Mwanaume anayeposa anammegea mkubwa wa binti mikate miwili, kwa mikono yake. Mkubwa akila bakuli, ameridhia. Akilisukuma, basi. Marehemu mume wangu alimmegea baba yangu saa mbili nzima mpaka vidole vikavimba, Mungu amrehemu.

Imamu alikuwa aje baada ya sala ya alasiri kufungisha ndoa. Sanduku la Qiuyan lilikuwa limeshafungwa, na kazi ya kufundisha watoto wa chekechea alikwishaiacha. Kilichobaki ni mimi kula.

Zhiheng kazi yake ni kusafiri na kujipiga video. Watu milioni tatu wanamtazama akila. Alifika Xi'an majira ya kuchipua. Askari wa udongo, wale maelfu waliozikwa na mfalme wa kale, aliwaangalia dakika arobaini. Kwenye ukuta wa mji alikodi baiskeli, akaendesha mpaka lango la kwanza, akateremka akapanda gari. Chakula anauma mara moja, anafumba macho kama mtu mwenye jino bovu, anasema "hiki ndicho halisi," kisha anakiacha. Sahani nzima! Siku aliyotoa shahada msikitini alimwomba imamu warudie mara tatu, eti mwanga haukukaa vizuri.

Na siku ya kwanza kabisa kuingia dukani kwangu alichukua vijiti akakoroga bakuli.

"Usikoroge!" nilimwambia. "Supu ya mkate inaliwa kuanzia ukingoni."

"Wenjun, umeipata hiyo?" aliuliza bila kunigeukia. "Bibi akinifokea? Safi sana."

Wenjun, yaani Lu Wenjun, ndiye aliyeshika kamera. Mwanamke mwembamba, begi jeusi begani, maneno machache. "Mpiga picha wangu," ndivyo Zhiheng alivyomtambulisha. Mimi nilichokiona ni kwamba kila sahani aliyoiacha yule bwana, huyu dada aliimaliza polepole, hata mchuzi. Nikampenda kwa hilo.

"Shangazi," Zhiheng aliita kutoka mezani.

"Shangazi wa nani? Bado sijala."

Alicheka. Meno mazuri, sikatai. "Shangazi, mwanga wa hapa chini ni mbaya. Naomba tukamegee chumba cha juu. Mimi na kamera tu."

"Mkate wa posa unamegwa mbele ya wakubwa."

"Wakubwa wataona kwenye video. Milioni tatu wataona!"

"Milioni tatu hao ndio waliomlea huyu binti?"

Qiuyan akanishika mkono. "Shangazi, kwa ajili yangu."

Niliona macho yake, nikakubali. Nakiri, hapo nilikosea. Wakapanda juu wawili, yeye na Wenjun, na bakuli lao.

Kule jikoni La Shoucheng alikuwa anapiga kisu juu ya ubao kwa nguvu isiyohitajika. Ana miaka tisa kwenye jiko letu. Anampenda Qiuyan, mtaa mzima unajua, mpaka muuza makomamanga. Lakini mwanaume yule ni mjinga wa aina yake: miaka tisa mapenzi yake ni kumwongezea binti vitunguu saumu vya siki kwenye kisahani, kisha anakimbilia mvukeni.

"Unakata kondoo au unakata ubao?" nilimuuliza.

"Nakata kondoo, Bi Hai."

"Kondoo alishakufa, mwanangu. Mpunguzie."

Dakika arobaini, wakashuka. Zhiheng amebeba bakuli mbele kama kombe la mashindano.

"Limekwisha!"

"Mara hii? Mume wangu alitumia saa mbili."

"Mimi ni mwepesi, Shangazi. Na mapenzi yanaongeza kasi."

Nililipeleka jikoni. Shoucheng alilipokea, akatia vidole, akageuza mkate mara moja. Akasimama.

"Bi Hai, hebu ona."

Juu kulikuwa na mapande makubwa kama kidole gumba, yamechanwa chanwa. Chini yake, vipande vidogo sawasawa kama mbegu, kila kimoja na ganda lake kidogo. Kazi ya mtu mvumilivu.

"Hili limemegwa na mikono ya watu wawili," alisema Shoucheng. "Bakuli mia tatu kwa siku napika. Siwezi kukosea."

"Na bwana harusi alimega kipi?"

"Bwana? Hiki cha juu. Cha kamera."

Nilirudi nalo mbele, nikaliweka mezani.

"Zhiheng, nionyeshe mikono."

"Mikono?"

"Hiyo miwili uliyozaliwa nayo."

Akaitoa. Kucha safi, zinang'aa. "Nimenawa, Shangazi. Usafi ni katika imani, si ndivyo mnavyosema?"

"Ndivyo tunavyosema. Na wewe binti, nionyeshe."

Wenjun aliificha nyuma ya begi. Nikangoja. Mimi kungoja naweza. Mwishowe akaitoa: ngozi ya gumba imechubuka, unga umejaa kwenye kucha.

Qiuyan aliingia kati. "Shangazi, amesaidiwa tu! Mtu wa kusini hajazoea mkate mgumu. Ndiyo dhambi?"

"Si dhambi," nilisema. "Ila anielezee kwa nini alisema ni yeye."

"Ni lugha ya kazi," Zhiheng alisema, akiweka kofia sawa. "Timu yangu ni mimi. Wenjun ni kama mkono wangu."

Hapo Wenjun alicheka. Kicheko kifupi, kibaya.

"Mkono wako," alisema. "Kule Guizhou mkono wako ulitwanga mchele wa kunata kwa ajili ya yule mchumba wa milimani. Kule Yunnan mkono wako ulibeba magunia ya majani ya chai mpaka kwa babu wa mchumba mwingine. Dada Qiuyan, wewe ni wa tatu mwaka huu."

"Wenjun, zima kamera."

"Naizima ya nini? Si unapenda kitu halisi?"

Qiuyan alikuwa ameshika ukingo wa meza. "Wa tatu wa nini?"

"Wa posa. Harusi huwa haifiki. Siku yenyewe tunaondoka, yeye analia dirishani mwa treni, mimi napiga picha. Sehemu hiyo ndiyo inayotazamwa zaidi." Alitoa simu, akaisogeza mezani. Tiketi mbili za kwenda Dunhuang. Saa tisa na nusu, leo. Imamu angefika saa kumi na moja.

"Mbili?" aliuliza Qiuyan.

"Yangu na yake. Tumeandikisha ndoa, huu mwaka wa nne. Kwa miaka mitatu nilijiambia ni maigizo, wale mabinti watasahau. Lakini leo kule juu nimemega mkate wako nikafikiri, huyu shangazi atakula mkate wangu akidhani ni wa mwanaume anayemwoa mwanawe. Nikaona aibu. Ndiyo maana vya chini nimevimega vizuri. Nilitaka vionekane."

Duka zima liligeuka kututazama. Hata mzee wa meza ya pembeni alishusha vijiti.

"Qiuyan, nisikilize," Zhiheng alianza, sauti ile ya video, ya asali. "Kazi ni kazi. Lakini nilichohisi kwako kilikuwa halisi."

"Halisi kama nini?" Qiuyan alisema. Sauti yake ilikuwa ndogo, imenyooka. "Kama askari wa udongo? Na wao uliwahisi dakika arobaini?"

"Wewe ni tofauti na wale wengine."

"Vizuri." Alichukua mikate miwili mipya kapuni, akaitupa mbele yake. "Mega."

"Nini?"

"Mega mbele yangu. Ukimaliza miwili, nitasikiliza kila neno utakalosema."

Zhiheng alimega kipande kimoja. Cha pili. Cha tatu kilimshinda, akakipasua kwa meno, wallahi nilimwona! Cha nne akakishika tu, huku jicho likiteleza kwenye saa ya ukutani.

"Umeangalia saa," alisema Qiuyan.

"Sikuangalia."

"Nenda, Zhiheng. Utachelewa kulia."

Alisimama, akavua kofia, akaitupa kitini kama tambara la kufutia meza. Akatoka bila kuniaga. Wenjun alibeba mabegi yote mawili. Mlangoni aligeuka akaniinamia.

Niliichukua ile kofia nikaifua. Haikuwa na kosa.

Imamu alipofika nilimwambia hakuna ndoa. Alikaa, akala supu, akasema alhamdulillahi, akaomba vitunguu saumu zaidi. Qiuyan alipanda juu, akafungua sanduku, akarudisha nguo moja moja kabatini. Sikumfuata. Nilisali, nikamwachia Mungu, nikaenda kuosha masufuria.

Wiki tatu baadaye video ilitoka: "Mapenzi Niliyoyaacha Xi'an." Zhiheng dirishani mwa treni, machozi mawili yaliyopangwa. Watu wakammiminia pole. Qiuyan aliitazama mpaka mwisho, akaandika chini yake:

"Bakuli lako lipo bado, namba kumi na saba. Halikupikwa. Mkeo hajambo?"

Kabla ya sala ya isha video ilikuwa imeondolewa. Lakini mabinti wawili walikuwa wameshajibu, mmoja wa Guizhou, mmoja wa Yunnan. Tangu siku hiyo hatujasikia tena kwamba amekula kitu halisi popote.

Bahasha ya Wenjun ilikuja mwanzoni mwa baridi. Ndani kulikuwa na kibati chetu, ambacho yule bwana aliondoka nacho, na karatasi: "Nimekikuta mfukoni mwa shati lake nilipokuwa nafungasha. Nimefungasha vyangu tu."

Qiuyan alikitundika ukutani kwenye msumari wake. Hatukumpa mteja yeyote.

Ijumaa moja baada ya sala, duka limejaa, watu wanagonga meza kwa njaa, Shoucheng alitoka jikoni. Amevua aproni. Amenawa mpaka kwenye viwiko. Uso mwekundu kama pilipili.

"Nipe kibati," alimwambia Qiuyan.

"Kipi?"

"Kumi na saba."

Qiuyan alimtazama, kwanza mikono, kisha uso. "Na hawa wateja atawapikia nani?"

"Wasubiri. Mimi nimesubiri miaka tisa."

Mzee wa meza ya pembeni aliguna, "Alhamdulillahi! Bubu kasema."

Akakaa mbele yangu. Akamega. Saa moja, saa mbili, hakuinua kichwa, hakuzungumza. Wateja walinung'unika, wengine wakaondoka, wengine wakavuta viti wakatazama. Alipomaliza alinisogezea bakuli kwa mikono miwili. Nilitia vidole, nikageuza mpaka chini.

"Hivi vitatu vikubwa," nilisema.

"Vipi, Bi Hai?"

"Hiki, hiki na hiki. Rudia. Mpishi mzima!"

Akarudia. Qiuyan akacheka, mara ya kwanza tangu yule mtu aondoke, akachukua bakuli akaenda nalo jikoni mwenyewe, kwa sababu mpishi alikuwa anaposa.

Lilirudi linatoa mvuke. Nilisema bismillahi, nikaanza ukingoni, bila kukoroga. Shoucheng alikuwa hapumui.

Chumvi ilikuwa imezidi. Nililila lote.