Mkono Uliotulia

Soko la Dunda siku hiyo lilifurika wapagazi waliotoka bara na mizigo ya pembe za ndovu. Katika msongamano huo Mikidadi, mchonga milango, alipokea bakuli la uji kwa Mardhiya, msichana muuza uji, akammwagia kwenye kisutu chake kipya.

"Ebo! Huna macho?"

"Niwie radhi, bibie. Mkono umetetemeka."

Mardhiya akamtazama: kanzu safi, ndevu changa. Hasira zikamwisha. "Umeona nini hata utetemeke?"

"Nimekuona wewe."

Mwongo mkubwa! Homa ya masika ndiyo iliyomwachia mtetemo ule, na patasi ilimteleza kila alipochonga ua kwenye mbao. Lakini mwanamume gani angeyasema hayo mbele ya msichana mzuri namna ile? Basi kila asubuhi uji ukamwagika, na Mardhiya akampenda kwa kutetemeka huko.

Tajiri wa Mikidadi, Mzee Premji, Banyani muuza nguo aliyeagiza mlango, aliona jinsi mbao zilivyokwaruzwa. Hakumfukuza. Alimwita uani baada ya swala ya alfajiri amfundishe mazoezi ya kwao, yoga.

"Mzee, mimi Mwislamu," Mikidadi akasita.

"Dini yako iache hapo hapo ilipo. Lete mikono tu."

Akafundishwa kunyoosha mikono na kuishikilia hewani, kuvuta pumzi polepole na kuitoa polepole zaidi. Mwanzoni aliona upuuzi mtupu. Vuli ilipokwisha, patasi ilikuwa ikimtii.

Akaenda sokoni na furaha yake. Akapokea bakuli, hata tone halikumwagika.

Mardhiya akanuna. "Umepata mwingine."

"Mwingine nani, jamani?"

"Zamani ukiniona unatetemeka. Leo umetulia kama mtu anayenunua chumvi. Nenda zako!"

Kesho yake Mardhiya hakuja sokoni, wala keshokutwa. Mikidadi akaona kusema kweli ni aibu, lakini kunyamaza ni kumkosa kabisa. Akaenda kupiga hodi kwao.

"Mardhiya, nilikudanganya. Ilikuwa homa. Mkono ule ungenikosesha kazi, nami bila kazi ningekuoaje? Nimeutuliza kwa ajili yako."

Kisha mlango ukafunguka kidogo.

"Kumbe hukunitetemekea hata siku moja?"

"Mkono, hapana. Moyo, tangu ule uji wa kwanza."

Mardhiya akautoa mkono wake nje. "Nishike nione."

Akaushika. Wake ulikuwa umetulia tuli. Wa Mardhiya ndio uliokuwa ukitetemeka.

"Una homa?" Mikidadi akauliza.

"Sina. Lete posa."