SIMU ILIYOMTAKA WATIRI

"Sema ni wewe ulishika hiyo simu!"

Waithira, mke wa mwanangu, alikuwa amenibana kifundo cha mkono. Kucha zake ndefu, za rangi ya zambarau, zilikuwa zinaingia kwa ngozi yangu kama miiba.

"Sema wewe ni mzee, masikio yamechoka, Kizungu hujui. Nani atakushangaa?"

"Na Tabby je?"

"Tabby amezoea kukosa!"

Jamani... mlango wa ofisi ulikuwa hapo mbele yetu. Ndani kulikuwa na mtu ananingoja nimpe jibu moja tu. Nikisema uongo, mjukuu mmoja anapona. Nikisema ukweli, anapona yule mwingine.

Na wote wawili wana jina langu!

Ngojeni niwaanzishie mwanzo, msije mkanihukumu bure.

Mimi naitwa Watiri, wajukuu huniita Cucu, yaani nyanya. Kwetu Wakikuyu, binti wa kwanza wa mwanao hubeba jina lako, upende usipende. Mimi nilizaa wavulana wawili, Mutahi na Kahiga. Kila mmoja akapata msichana kwanza. Kwa hivyo kwa boma moja hapa Ruring'u tuko Watiri watatu. Ukiita "Watiri!" pale langoni, tunaitika sote, na mbwa pia anabweka.

Watiri wa Mutahi na mkewe Waithira ni Penina. Baba yake hamwiti Penina, humwita "Mama", kwa sababu amebeba jina la mama yake.

Watiri wa Kahiga ni Tabitha, sisi tunamwita Tabby. Kahiga wangu alikufa, mama wa mtoto akaolewa kwingine, Tabby akabaki kwa mgongo wangu. Nilimlea na uji wa wimbi na maziwa ya mbuzi.

Wote wawili wakaandikwa jina la babu yao, Gicheru. Watiri Gicheru na Watiri Gicheru. Mwalimu wao wa shule ya msingi alikuwa anashika kichwa.

Walisoma mpaka chuo kikuu, wote. Tabby alisomea mambo ya maji, anachunguza vile chemchemi zetu zinaharibika. Akapita juu kabisa. Penina alipita tu, lakini huyo msichana ana mdomo! Akiongea, hata jogoo ananyamaza asikilize.

Halafu wakarudi nyumbani. Kazi hakuna.

Tabby akaanza kuchuma kahawa kwa mashamba ya watu. Kila jioni akirudi, Waithira yuko kwa baraza.

"Heee, mhitimu! Leo kahawa imekusalimia kwa Kizungu?"

Tabby anapita. Anavua buti, ananawa, anaingia jikoni kwangu.

Sasa siku moja wakaomba ile nafasi. Ni mpango wa wahitimu wapya na wale wanaoanza utafiti. Unapelekwa kwa idara ya serikali mwaka mzima, unafundishwa kazi ya umma, unapewa mradi wako. Wote wakaenda mahojiano mjini Nyeri, idara ileile moja. Wakaambiwa kila idara inachukua mmoja, na huyo akikataa, anaitwa anayefuata.

Mimi Tabby aliniambia tu, "Cucu, niombee, nimetafuta kazi ya serikali." Jina la hiyo kazi hakunitajia.

Angenitajia...!

Kwa sababu inaitwa feloshipu. Na mimi feloshipu ninayoijua ni moja tu. Wamama wa kanisa, kila Alhamisi, nyumba kwa nyumba. Biblia, chai, mandazi, na lazima kuwe na mmoja anayeomba mpaka chai inapoa.

Basi siku hiyo nilikuwa nimekaa nje na ungo, nachagua njahi, yale maharagwe yetu meusi. Zile nyeusi zinang'aa huku, zile zimetobolewa na wadudu kule kwa kuku. Simu yangu ikaita. Ni ile ya vibonyezo, haina picha.

"Haro?"

Mwanamume anaongea Kizungu. Nikasikia "Watiri Gicheru". Nikasikia "feloshipu". Hayo mengine yakapita kama upepo.

Penina alikuwa anapita na beseni la nguo. "Cucu, lete hapa."

Akashika. Akasikiliza kidogo tu. Nikaona uso wake unabadilika. Upande mmoja wa mdomo ukapanda, ule mwingine ukabaki chini.

Akajibu kwa Kizungu kingi, haraka haraka, hata yule mtu hakupata nafasi ya kupumua. Akakata.

"Ni nani?"

"Ni wale wa feloshipu yenu. Wameahirisha ya Alhamisi."

"Na mbona anaongea Kizungu?"

"Ni pasta mpya, Cucu."

Akabeba beseni lake akaenda. Alikuwa anaimba! Nikamshukuru Mungu, nikasema mtoto ana furaha.

Alhamisi ikafika. Sikupika kitu. Nilikuwa na leso kuukuu na viatu vya shambani, nikasikia wimbo langoni... Wamama! Wote! Na Biblia kwapani!

Mama Kinyua akachungulia jiko langu, akaona jivu baridi.

"Watiri! Hata maji ya moto hakuna? Kwani uliokoka, sukari yako ikakataa kuokoka?"

"Lakini si mliahirisha?"

"Nani aliahirisha?"

"Si yule pasta mpya... wa Kizungu... alinipigia simu."

Wuuui! Wamama walicheka mpaka mmoja akakalia ungo wangu. "Pasta wa Kizungu! Watiri ameanza kupigiwa simu na wazungu!"

Ni mtu mmoja tu hakucheka. Tabby. Alikuwa amesimama langoni na kikapu cha kahawa mgongoni.

"Cucu... alisema feloshipu?"

"Eeh."

"Akataja Watiri?"

"Si ndilo jina langu?"

"Na nani aliongea na yeye?"

Nilipomtaja Penina, kikapu kilishuka chenyewe. Kahawa nyekundu ikamwagika, ikaenda chini ya viatu vya wamama. Hakuna aliyecheka tena.

Penina alikuwa kwa baraza la mama yake, anasukwa nywele. Hata hakugeuka.

"Penina, uliwaambia nini?"

"Waliniuliza kama naongea na Watiri Gicheru. Nikasema ndiyo. Nimedanganya wapi?"

"Uliwaambia NINI?"

"Ati siitaki hiyo kitu yao. Ati nimepata kazi ya maana Nairobi, wampe mtu mwingine." Akacheka. "Na anayefuata ni mimi. Kwa mahojiano ulinyamaza kama kiazi, mimi niliongea. Kama si hiyo digrii yako yenye inang'aa, hungekuwa mbele yangu."

"Sisi ni dada, Penina..."

"Dada, rudi uokote kahawa. Haijiokoti."

Waithira alikuwa anamsuka tu, mstari baada ya mstari, kama hajasikia. Mwishowe akasema, "Kila mtu na bahati yake. Yatima hazoei vya juu, vitamvunja shingo."

Watu wangu... nimezika mume, nimezika mtoto. Lakini hayo maneno yalinipiga mahali ambapo mazishi hayakufika.

Usiku Tabby hakulia. Afadhali angelia.

Asubuhi akavaa rinda lake la mahojiano, akasema anaenda ofisini kujieleza. Mimi namfungia kifungo cha nyuma. Kule ng'ambo Penina naye ametoka na suti mpya aliyonunuliwa na mama yake, anaijaribu tu, anatembea juu ya nyasi kwa visigino vinavyozama. Mutahi anakamua ng'ombe.

Simu ya Tabby ikaita!

Ikasikika boma zima. Penina akasimama. Tabby kwa haraka akabonyeza mahali pa sauti kubwa bila kujua.

"Tabitha Watiri? Hapa ni Mbaabu, ofisi ya feloshipu."

"Bwana Mbaabu, tafadhali, si mimi niliyekataa! Sikukataa!"

"Kwani nimesema umekataa? Aliyekataa ni mwingine. Penina Watiri. Laini yake haipatikani, kwa hivyo tulipiga ile namba ingine aliyotupa, ya nyanya yake. Akasema ana kazi ya maana Nairobi. Wewe ndiwe unayefuata. Unaitaka?"

Hata ng'ombe aliacha kutafuna.

Mnaelewa?

Penina alikuwa ametupa laini yake ya zamani, anamkwepa kijana mmoja wa Mwea aliyemletea mchele wa pishori akidhani amepata mke. Na wakati wa kuomba, wote wawili walikuwa wametoa namba yangu, kwa sababu mimi niko nyumbani kila wakati. Penina akasahau. Simu ilikuwa yake! Nafasi ilikuwa YAKE! Aliikataa kwa mdomo wake mwenyewe!

Mutahi akasimama na ndoo ya maziwa.

"Mama... umefanya nini?"

Tukageuka sisi wawili. Mimi na Penina. Lakini alikuwa anamwangalia Penina.

"Naitaka," Tabby akasema kwa simu. Neno moja.

Hapo ndipo Waithira akapata ile akili yake. Watiri si wawili, ni watatu! Na wa tatu ni kikongwe, hajui feloshipu ya serikali wala ya wapi. Jumapili baada ya kanisa akaja jikoni kwangu na mkate na siagi ya blubendi.

"Mama, utawaambia ni wewe ulishika simu, ukachanganyikiwa. Nafasi itarudi kwa Penina. Itaisha hivyo."

"Na nikikataa?"

Akaweka mkate chini polepole. "Nani hukuletea maji? Nani hukupeleka hospitali ukishikwa na kifua? Ni Mutahi. Na Mutahi analala kwa nyumba ya nani?"

Nilimuuliza mwanangu. Akaangalia viatu vyake. "Mama, wote ni damu yako," akasema. Huo ndio ulikuwa msaada wake.

Tabby alisikia yote. Hakuniomba kitu. Alikaa karibu na mimi tukamenya viazi, maganda yake membamba, yangu manene, mpaka sufuria ikajaa.

Jumatatu tukawa pale mlangoni, na kucha za zambarau kwa mkono wangu.

Mbaabu alikuwa kijana wa Meru, mpole, sweta ya kijani imetoka uzi kwa kiwiko. Akanimiminia chai kutoka kwa chupa yake. Tabby ameketi kona moja, Penina kona ingine, macho yamefura. Mimi nilimbeba huyo msichana mgongoni wakati ana surua. Msidhani simpendi.

"Cucu," Mbaabu akasema, "wanasema ni wewe uliongea na mimi siku ile, mkakosana kwa lugha. Kama ni hivyo, nitarudisha nafasi kwa mwenyewe. Ni wewe?"

"Ndiyo" ni neno dogo. Lilikuwa tayari kwa ulimi.

Waithira akanifinya. Penina akanitazama, na machozi yakashuka.

Halafu nikaona mikono ya Tabby. Ameikunja juu ya magoti, vidole vyeusi kwa utomvu wa kahawa, haujatoka hata kwa sabuni. Nikasikia lile neno. Haijiokoti.

"Mwanangu," nikamwambia Mbaabu, "mimi nilisoma mpaka darasa la nne. Kizungu changu ni 'gudi moningi ticha'. Wewe uliongea na mtu wa gudi moningi?"

Mbaabu akaweka kikombe chini. "Hapana. Huyo aliongea Kizungu safi. Hata hakuningoja nimalize kusema jina lake."

"Basi ni yule pale."

"CUCU!" Penina akaruka. "Unaniua! Mbele ya watu!"

"Nimeulizwa kama ni mimi niliongea. Nimesema ni wewe. Nimedanganya wapi?"

Akafungua mdomo... ule mdomo wake wote... hakukutoka kitu.

Mbaabu akamwangalia, nafikiri kwa huruma, na hiyo huruma ndiyo ilimmaliza. "Dada, ulikuwa wa kwanza. Hapakuwa na mtu karibu na wewe. Vile uliongea na watu siku ya mahojiano, tulisema huyu ndiye tunataka aende vijijini."

Penina alitoka hapo ameshika ukuta.

Wanangu mnaosoma, mimi nimekaa na hii kitu, nimeigeuza kama chapati. Simu ilipoita na kumtaka Watiri bora, Penina hakufikiria hata kidogo kwamba ni yeye. Wivu ulikuwa umemwambia mwenzake ndiye mkubwa, akaamini. Ukimchukia mtu sana, unaishia kumwamini kuliko unavyojiamini mwenyewe. Hilo ndilo funzo langu, chukueni, sina lingine.

Tabby anafanya kazi sasa. Anazunguka na chupa ndogo za maji ya chemchemi, amezipanga kwa begi kama mayai. Mimi na yeye hatukupiga vigelegele. Alinunua sukari tu, na ile Alhamisi nilipika chai ya wamama mpaka wakasahau pasta wa Kizungu.

Waithira haniletei maji. Nabeba mwenyewe, nikipumzika njiani.

Penina anachuma kahawa. Jioni anapita mbele ya baraza na kikapu mgongoni, na hakuna anayemwambia kitu, hata mimi. Juzi alimwambia baba yake asimwite tena Mama. Kanisani amesema wamwite Penina peke yake. Hilo jina lingine, amesema, lirudishwe kwa mwenyewe.

Limerudi. Ni zito.

Simu ikiita siku hizi, wakiuliza, "Naongea na Watiri?", siitiki haraka.

Nauliza kwanza, "Unataka yupi?"