Sekunde Tisa Ubaoni

Enzi hizo, kabla watu hawajaanza kutembea na utabiri wa hali ya hewa mfukoni, aliyetaka kujua bahari imeamkaje alikwenda kuusoma ubao wa Fundi. Ulikuwa ubao mweusi wa shule, umepasuka kona moja, umetundikwa nje ya karakana, juu kabisa ya ngazi za mawe zilizoshuka hadi majini. Ndani ya karakana Fundi alitengeneza bodi za kupandia mawimbi. Aliziba nyufa, akapaka gundi, akapiga msasa mpaka vumbi jeupe likamjaa kwenye nyusi akaonekana babu kabla ya wakati wake. Binti yake alikuwa na umri wa miaka kumi na miwili. Watu walimwita Chaki kwa sababu vidole vyake havikuwahi kuwa safi, naye alilipenda jina hilo kuliko lile alilopewa na wazazi. Hata leo, akiwa mtu mzima mwenye watoto wake, akipita mahali penye harufu ya gundi ile anazikumbuka ngazi zile, na anatamani apewe asubuhi moja tu ya wakati ule.

Asubuhi zenyewe zilifanana. Baba aliwasha redio asikilize habari za upepo, huku chai ikichemka kwenye jiko dogo la karakana. Chaki aliichukua saa ya mkono ya Baba, ile ambayo mkanda wake ulishonwa kwa uzi, akashuka mpaka ngazi ya mwisho, akaketi. Mbele yake, hatua kama mia mbili kutoka ufukweni, kulikuwa na mwamba wa matumbawe uliojificha chini ya maji, na hapo ndipo mawimbi yalipovunjikia. Kazi yake ilikuwa kuutazama mwamba ule kwa robo saa nzima bila kugeuza kichwa. Alikadiria urefu wa mawimbi, kisha akahesabu sekunde kati ya wimbi moja na jingine. Alipopanda juu aliandika ubaoni urefu, sekunde na saa aliyotazama. Baba akaongeza upepo na kina cha maji juu ya mwamba, na chini kabisa akatia maoni yake kuhusu siku: "Wanaojifunza wabaki mchangani," au, "Leo ni ya wazoefu tu."

Mwanzoni robo saa ile ilimchosha Chaki, akauliza kwani bahari si inaonekana kwa kutupia jicho mara moja. Baba hakumkaripia. Alimweleza kwamba mawimbi yaliyozaliwa na dhoruba ya mbali huja kwa makundi. Yanapiga manne, matano, kisha bahari inatulia kama vile haijui lolote, dakika kumi au zaidi, halafu kundi jingine linaingia. Anayetazama kwa dakika mbili huenda akaona utulivu mtupu. Tena sekunde zikiongezeka, nguvu nayo imeongezeka. Wimbi la sekunde tisa linakusukuma, la sekunde kumi na tano linakubeba na kukubwaga juu ya matumbawe.

"Usiandike usichokiona," Baba alimwambia. "Ukishindwa kuona, acha nafasi wazi."

Miongoni mwa waliousoma ubao ule alikuwamo mwalimu wa hesabu wa darasa lake Chaki. Darasani alikuwa mama mkali, haruhusu hata nzi aruke bila kunyoosha mkono. Lakini Jumamosi alikuwa mtu mwingine kabisa. Alikuja na bodi yake ya manjano kwapani, anacheka na kila mtu, na alikuwa mmoja wa watu watano tu pale mtaani waliothubutu kupanda mawimbi ya mwamba ule. Kabla ya kuingia majini alisimama mbele ya ubao akausoma kwa sauti, kama anayesahihisha daftari. Alizoea kumtania Chaki kwamba kumbe anajua kuandika namba vizuri, ila kwenye mtihani huwa anamnyima. Chaki alicheka, na moyoni alijiona mkubwa, maana mwalimu mzima alikuwa anasoma kazi yake.

Basi Ijumaa moja jioni binamu yake Chaki alikuja kuwatembelea, na alikuja na baiskeli. Chaki alikuwa hajawahi kupanda baiskeli maishani mwake. Binamu alisema angemfundisha kesho yake asubuhi na mapema, lakini wafanye haraka kwa sababu ilimpasa aondoke saa sita mchana. Chaki alilala usiku ule akiendesha baiskeli ndotoni.

Jumamosi kulikucha na manyunyu. Binamu tayari alikuwa nje, anapiga kengele ya baiskeli makusudi. Chaki alifika juu ya ngazi akiwa na saa ya Baba mkononi, akatazama chini. Ngazi zilikuwa zimelowa. Bahari ilikuwa shwari, imelala kimya chini ya manyunyu. Akasimama dakika moja, labda mbili, na kengele ikalia tena. Akageuka akautazama ubao. Namba za jana zilikuwa bado zinasomeka: mita moja, sekunde tisa. Bahari ya leo ilionekana vilevile kama ya jana, na kwa kweli, alijiambia, nani angejua?

Akafuta, akaandika upya. Sekunde tisa alizirudia kama zilivyokuwa. Kwenye urefu aliandika mita moja na robo, ili isionekane amenakili. Chini yake akaandika saa kumi na mbili na nusu asubuhi. Baba alikuwa ndani, amekwisha kuchanganya gundi, na gundi ile ikishachanganywa haimsubiri mtu, sharti umalize kabla haijaganda. Siku nyingine angetoka kutazama mwenyewe. Siku ile alichungulia tu mlangoni, akazisoma namba za binti yake, akamwambia aandike kwa niaba yake kwamba upepo ni mdogo, maji juu ya mwamba ni machache, na siku ni nzuri kwa wazoefu. Chaki akaandika yote hayo, akarusha chaki kwenye kopo, akatimua mbio.

Kujifunza baiskeli kulikuwa raha isiyo na mfano. Alianguka mara tatu, akachubuka goti, akacheka. Mara ya nne akaenda mwenyewe mpaka mwisho wa barabara, binamu akimkimbilia nyuma kwa vifijo. Na hapo ndipo aliposikia filimbi.

Filimbi ya Baba ilikuwa na kazi moja tu, nayo ni kuita msaada majini. Chaki aliiachia baiskeli ikaanguka yenyewe, akakimbia hadi juu ya ngazi. Bahari iliyokuwa imelala asubuhi ilikuwa imeinuka. Kundi la mawimbi lilikuwa linaingia, kila moja refu kuliko mlango wa karakana, na kati ya moja na jingine kulikuwa na pengo refu la kutisha. Kipande cha bodi ya manjano kilikuwa kinaelea peke yake. Mwalimu hakuonekana. Chaki akaketi pale pale kwenye jiwe lililolowa, na ndani ya kichwa chake, bila kutaka, akaanza kuhesabu. Wimbi la pili hadi la tatu, sekunde kumi na tano. La tatu hadi la nne, kumi na tano tena.

Kichwa cha Mwalimu kilitokeza baada ya wimbi la nne. Vijana wawili wenye bodi walikuwa wamekwisha kuzunguka kupitia maji ya kina, wakamshika, wakamvuta hadi ufukweni. Alikuwa hai, anakohoa, mgongo umechanwa na matumbawe na mkono wa kushoto hauinuki. Wakampeleka zahanati. Alishonwa nyuzi kumi na moja. Watu walipokuwa bado wamejaa kule chini, Chaki aliusogelea ubao akaufuta wote kwa mkono wa sweta yake.

Siku zilizofuata hazikupita, zilijikokota. Mtaani watu walizungumza, na kila mtu alikuwa mjuzi. Walisema Mwalimu umri umemtupa mkono na kwamba mtu mzima hataki tu kukubali. Baba alimtetea, lakini hata yeye hakuelewa mzoefu kama yule aliingiaje majini siku kama ile. Alijaribu kuzikumbuka namba za ubaoni, akasema labda bahari ilibadilika ghafla. Chaki alisikia yote, akaendelea kupiga msasa. Robo saa yake ya asubuhi aliitimiza sasa bila kupepesa, kana kwamba hilo lingefuta lililopita. Halikufuta kitu.

Alhamisi Mwalimu alikuja karakana, mkono umefungwa kitambaa shingoni. Chaki alikuwa anapiga msasa bodi ya mtu. Alimwamkia, "Shikamoo, Mwalimu," akaitikiwa vizuri kama kawaida, na wema ule ulimuumiza zaidi kuliko ambavyo kofi lingemuumiza. Fundi alimwonyesha vipande viwili vya bodi ya manjano, akamweleza kwamba vinaungika. Mwalimu akatikisa kichwa. Alisema asiviunge, na zile bodi zake nyingine mbili amtafutie mnunuzi.

"Nilisimama pale juu nikatazama, nikaona shwari," alisema. "Nikausoma ubao, nao ukaniambia hivyo hivyo. Ubao wako haujawahi kunidanganya, Fundi. Basi kosa ni la macho yangu. Mtu asiyeweza kuisoma bahari hana haki ya kuingia."

Alisema hayo bila kulia, lakini sauti yake ilikuwa imepungua. Alikuwa amepanda mawimbi ya mwamba ule tangu akiwa msichana. Chaki aliuona mkono wake mzima ukiipapasa ile bodi iliyovunjika kama mtu anayempapasa paka, akajua kwamba akinyamaza sasa atanyamaza milele. Akaweka msasa chini.

"Macho yako ni mazima, Mwalimu," alisema. "Ni mimi. Sikushuka siku ile. Sikuhesabu. Niliandika namba za jana."

Mwalimu akauliza swali ambalo mwalimu wa hesabu peke yake angeliuliza.

"Jana yake nilipita hapa, ubao ukasema mita moja. Siku ile niliona mita moja na robo. Ile robo uliitoa wapi?"

Chaki alitamani ardhi ipasuke immeze. "Niliiongeza," alisema. "Ili isionekane nimenakili." Halafu machozi yakamtoka, na ndani ya machozi hayo akasimulia yote: manyunyu, kengele ya baiskeli, sweta aliyofutia ubao. Hakubakiza kitu.

Baba ndiye aliyeongea kwanza, na maneno yake hayakuwa mengi. Alisema kwamba yeye naye ametia maoni yake juu ya namba ambazo hakuzithibitisha, kwa hiyo lawama ni ya watu wawili. Alimwomba Mwalimu msamaha, mtu mzima mbele ya mtoto wake, na Chaki hajapata kuisahau sura ya baba yake wakati ule. Kisha akampa Chaki adhabu. Kwa siku saba, juu ya namba za kila siku, aandike kwa mkono wake mwenyewe kwamba Jumamosi ile namba za ubao zilikuwa za kubuni, na kwamba Mwalimu hakukosea. Chaki aliandika. Watu walisoma, wengine wakaguna, wengine wakamcheka. Lakini hakuna aliyesema tena kwamba Mwalimu amezeeka, na bodi ya manjano ikaungwa.

Baada ya majuma sita mgongo na mkono vilipona. Jumamosi moja Mwalimu alifika mapema, akashuka ngazi mpaka ile ya mwisho, akaketi karibu na Chaki. Chaki alikuwa anahesabu. Mawimbi yalikuwa ya kupendeza, jua linachomoza, na ubavuni mwa Mwalimu bodi ilikuwa imekwisha kupakwa nta ya kuzuia miguu isiteleze. Robo saa ikatimia. Mwalimu akauliza sekunde ngapi.

Chaki alijua jibu ambalo Mwalimu alitamani kulisikia. Alijua pia kwamba kwenye wimbi la sita aligeuza macho kumtazama, na hesabu ikampotea.

"Sijui, Mwalimu," alisema. "Nimepotea katikati. Lazima nianze upya."

Mwalimu aliifungua kamba ya bodi aliyokuwa amekwisha kuifunga mguuni, akajisogeza vizuri kwenye jiwe.

"Sikiliza, mwanangu," alisema. "Ukiniambia hujui, nitakaa hapa nisubiri, na kusubiri hakujawahi kumshona mtu nyuzi kumi na moja. Lakini ukinipa namba usiyoiona, ninaondoka nikidhani ninajua, na hapo siwezi tena kujikinga. Kosa la mtu mvivu huonekana, tukalirekebisha. Kosa la mwongo limevaa nguo za ukweli, na wanaoliamini ndio wanaoumia. Haya, anza. Safari hii tunahesabu wote wawili."

Wakaanza upya, kwa sauti, kutoka moja.