Kaseti ya Mzee Leonidasi

Haya yalimpata rafiki yangu Japhet, dereva wa hapa Kasulu, mwaka 2013, na hadi leo hapendi kuyasimulia.

Baba yake, mzee Leonidasi, kabla ya kufa alirekodi maneno ya kuaga kwenye kaseti, kama watu walivyozoea kutumiana salamu enzi za kambi ya wakimbizi. Kaseti hiyo ikakwama ndani ya redio ya gari lao kuukuu. Tangu hapo mama yake, Dorcas, akitaka kumsikia mumewe, alikwenda kuketi garini.

Japhet alitamani redio ya flashi. Akamwahidi mama kwamba fundi ataitoa kaseti kwanza. Siku ya kufunga redio mpya akanogewa na spika zake, akasahau. Alipokumbuka na kurudi kwa fundi, redio ya zamani ilishachukuliwa na wanunuzi wa vyuma chakavu. Mama alipouliza, akamdanganya: "Ipo, mama. Nimeitunza."

Jumapili moja jioni yeye na mama walikuwa wakitoka Manyovu kwa gari hilo, ukungu umeziba barabara. Redio mpya ilikuwa kimya, flashi imo mfukoni mwa Japhet. Ghafla spika zikakwaruza kama utepe unaozunguka, na mzee akaanza kuaga, neno kwa neno, hadi kile kikohozi kilichokuwa mwisho wa kaseti.

"Ahsante kwa kuitunza, mwanangu," mama alisema kutoka kiti cha nyuma.

Lakini safari hii, baada ya kikohozi, sauti iliendelea, polepole: "Japhet, uko wapi?"

Japhet akaukamata usukani kwa mikono miwili.

"Mbona humjibu?" mama akauliza.